Baba Mkubwa na Daftari la Maji

Kijijini kwetu Njombe maji hayasukumwi na mashine. Hushuka yenyewe kutoka kwenye kijito kilicho juu ya mashamba, yakaingia kwenye banio, yakafuata bomba hadi tangini, kisha yakagawanyika kwenda kwenye vilula, yaani bomba za kuchotea, vya vitongoji. Mgeni akielezwa hivyo huona kazi yote inafanywa na mteremko. Baba mkubwa alikuwa akimwacha mgeni amalize kushangaa, halafu anamwambia kwamba maji ya mtiririko yanataka mtu anayeamka kabla ya akina mama. Mtu huyo, kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa yeye, na hakuwa na mshahara.

Namwandika mimi kwa sababu tangu nikiwa darasa la sita ndimi niliyekuwa karani wake. Yeye alisoma mpaka darasa la nne na mwandiko wake ulimpa taabu hata mwenyewe kuusoma. Wangu ulinyooka. Kwa hiyo hotuba za msibani, zote zilizomtaja kuwa mtu wa mkono wazi, nilizisikiliza kama mtu aliyetunza vitabu. Mkono ulikuwa wazi kweli. Ila ulikuwa unahesabu, na usingehesabu ungeishiwa mapema, sisi tulioutegemea tukabaki njiani.

Katika ujana wake serikali ilikuwa imeahidi maji vijijini. Mpango wa miaka 20 ulianza 1971, lengo likiwa ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi karibu na anapoishi. Katika miaka ya 1980 msaada wa Denmark kupitia DANIDA ukaingia mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, na mpaka leo wazee wa kwetu wakitafuta mwaka wa jambo fulani husema lilitokea kabla ya DANIDA au bomba likiwa limeshafika. Njombe wakati huo ilikuwa wilaya ndani ya Iringa; mkoa wake umezaliwa 2012. Mabomba, saruji na vipimo vililetwa na mradi. Mitaro walichimba wanakijiji wenyewe, kila kaya na hatua zake.

Kufanya kazi pamoja huku si jambo la kufundishwa. Tuna mgowe: mwenye shamba anaita majirani, wanalima, jioni wanakunywa ulanzi, pombe ya mianzi, aliowaandalia, au komoni, pombe ya nafaka, kama mianzi haitoi. Taabu ya mtaro wa maji ni kwamba hauna mwenyewe, kwa hiyo hakuna mwenye pombe. Wiki za mwanzo watu walifika wachache na kuondoka mapema. Baba mkubwa, kijana tu wakati huo, alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba kila kaya itoe ndoo moja ya ulanzi siku ya zamu yake, na akaandika nani ametoa na nani bado. Mtaro ukaenda. Daftari lilianzia hapo, kwenye hesabu za ulanzi, jambo ambalo mchungaji hakulitaja kwenye ibada na mimi namwelewa.

Baadaye kijiji kikamchagua mhudumu wa maji. Akapelekwa mafunzo, akarudi na spana ya mabomba na msumeno wa chuma, akaanza maisha ambayo sisi watoto tuliyakuta yameshazoeleka. Usiku watu wakishaingia ndani alikwenda kufunga koki kubwa ili tangi lijae. Saa kumi na moja alfajiri alikwenda kuifungua. Juni na Julai, nyasi za mabondeni zikiwa nyeupe kwa baridi, alirudi vidole havikunji, akavipasha jikoni kwanza kabla ya kuweza kushika kikombe. Akifungua, alifungua polepole. Bomba lililokauka ukilijaza kwa pupa linashika hewa kwenye vilima, na hapo utasubiri maji mchana kutwa ukidhani chanzo kimekauka. Mpira wa kuzuia koki kuvuja alikata mwenyewe kutoka kwenye tyubu kuukuu ya lori. Kilula cha chini kabisa, cha kule bondeni, ndicho kilichokuwa kinakula mipira kuliko vyote kwa sababu ya presha, na watu wa kitongoji kile walikuwa wakimwona mara nyingi kuliko shemeji zao.

Sisi watatu, mimi na wadogo zangu, tulihamia kwake mwishoni mwa miaka ya 1990, baba yetu akiwa amemfuata mama kaburini. Sina haja ya kueleza sana ugonjwa uliowachukua. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulikuta mkoa wa Iringa, Njombe ikiwa bado ndani yake, una maambukizi ya virusi vya UKIMWI ya asilimia 15.7, juu kuliko mkoa mwingine wowote wa nchi, wakati kwa taifa ilikuwa karibu asilimia 6. Hizo ni namba za baada ya dawa kuanza kupatikana. Serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi mwishoni mwa 2004. Wazazi wetu hawakuzikuta. Miaka ile fundi seremala wa kijiji aliacha kutengeneza meza na vitanda, maana hakuwa na nafasi.

Nakereka kidogo ninaposikia kwamba baba mkubwa alichukua yatima. Kwa mila zetu kaka wa baba yako ni baba yako, na nyumba nyingi kijijini zilikuwa zimejaa watoto wa marehemu kama ya kwake. Ninachokiona cha pekee ni namna alivyotuchukua, na hilo sikulijua mpaka mama mkubwa aliponisimulia nikiwa tayari nina watoto wangu.

Baba mkubwa alimkuta anachambua maharage. Hakumwambia ameamua. Alikaa kwenye kigoda, akamuuliza kama ataweza, maana wa kuamka kupika uji ni yeye, na wa kulala na mtoto mwenye homa ni yeye. Mama mkubwa hakujibu siku ile. Alipojibu alikuja na masharti. Mazao ya kinyungu, ile bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi, yangekuwa mikononi mwake, asiulizwe. Yeye baba mkubwa angeacha kuwanunulia watu pombe kilabuni. Na wasichana wasingefanywa vijakazi wa wavulana. Akakubali yote matatu. Watu wa kilabuni walisema amekuwa bahili tangu apate watoto wengi, na nadhani yeye aliona ni bei ndogo.

Ndani ya nyumba ile kulikuwa na sheria moja iliyotutesa wote sawasawa. Kitu kisichotosha wote hakinunuliwi. Sare za shule zilinunuliwa siku moja, kitambaa kimoja, fundi mmoja, ili mtu akituona njiani asijue nani kazaliwa pale na nani kaletwa. Mwaka ambao fedha za viatu hazikufika, Krismasi tulikwenda kanisani pekupeku, na kaka yetu mkubwa, mtoto wake wa kumzaa, alilia kwa hasira kwa sababu viatu vyake yeye vingepatikana. Kaka huyo sasa ni mtu mzima na bado analo donge. Anasema baba yao aligawa urithi wao kwa kijiko, kidogo kidogo, mpaka hakuna kilichobaki cha kuonekana. Sijawahi kubishana naye. Shamba la miwati ambalo lingekuwa lake lilikatwa ili tulipe ada, na ingawa ada ya sekondari ya kutwa ilishushwa kuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ukiizidisha kwa watoto waliokuwa mle ndani, pamoja na michango na madaftari, ni miti mingi. Anayesifia ukarimu wa mzazi angalau aangalie pia upande wa mtoto aliyepungukiwa.

Nirudi kwenye daftari, maana humo ndimo nilimojifunza kazi ya maisha yangu. Leo ni mhasibu Mbeya mjini.

Maji ya bure yalikuwa yamefika mwisho. Mabomba yalizeeka, vipuri vikawa vya kununua, na Sera ya Maji ya 2002 ikaandika wazi jambo ambalo kijiji chetu kilikuwa kimeshaanza kuligundua chenyewe: mradi ni wa wananchi na uendeshaji wake ni wa kwao kulipia. Kila kaya ilikuwa na mchango wake kwenye mfuko wa maji. Mimi niliandika jina la kaya, kiasi, tarehe, na mahali pa saini au dole gumba. Asiye na fedha alifanya kazi. Alifyeka kuzunguka chanzo, alibeba mchanga, au alipikia uji wanaochimba. Safu moja ambayo kamati iliitaka na baba mkubwa akaikataa ilikuwa ya waliosamehewa.

Kulikuwa na bibi mmoja, mjane, akilea wajukuu tu. Kamati nzima ilisema huyu asitozwe. Baba mkubwa akasema huyu atalipa. Nilimchukia jioni ile. Asubuhi akanituma kwa bibi nikachukue mayai, akayalipia kwa bei ya sokoni kutoka mfukoni mwake, bibi akazihesabu zile fedha, akazirudisha kwangu zikiwa mchango wake wa maji, nikaandika, akaweka dole gumba. Mayai tuliyala sisi. Ikawa hivyo kila zamu ya michango ilipofika, na hakuna mtu wa kamati aliyejua.

Nilimuuliza kwa nini anazunguka hivyo badala ya kumlipia tu yakaisha. Alinijibu akiwa anakata mpira wa koki, bila kuinua uso: asiyechangia haulizi. Ilinichukua muda kuielewa. Miaka michache baadaye kilula cha karibu na nyumba ya yule bibi kilikaa kibovu, kamati ikipiga danadana. Mkutanoni alisimama yeye, bibi wa mayai, akauliza michango yake imekwenda wapi. Akataja tarehe. Mwenyekiti akaniangalia mimi, mimi nikafungua ukurasa. Kilula kilitengenezwa wiki ile ile.

Upande mwingine alikuwepo tajiri wetu mwenye mashine ya kusaga. Huyo alijitolea kulipia kijiji kizima mwaka mzima, bomba moja tu lipinde kidogo lipite kwake. Wapo waliopiga makofi. Baba mkubwa alimshukuru kwa heshima zote, akamwomba alipe mchango wa kaya yake, kiasi kile kile cha wengine, na kama moyo wa kutoa umemzidi, shule inahitaji madawati. Madawati hatukuyaona.

Kila robo mwaka alisimama mkutanoni akasoma daftari lote, jina kwa jina, hata jina lake. Mara mbili tatu lilisomwa kuwa linadaiwa. Watu walicheka, yeye akacheka nao, na kesho yake nikatumwa kuuza kuku.

Sitaki aonekane malaika. Lipo jambo alilokosea, na mama mkubwa hakulisahau. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Habari ilipofika kijijini watu walikuwa na vinyungu hadi mdomoni mwa kijito, na mikaratusi iliyopandwa pale kwa ajili ya mbao na kuni ilikuwa inakunywa maji mchana na usiku. Baba mkubwa alichukua kamba yenye mafundo akapima. Kinyungu chetu kilikuwa ndani, chote. Mkutanoni, watu wakisitasita, alisimama akasema ataanza yeye, kesho anang'oa. Makofi yalikuwa makubwa.

Ila kinyungu kile kilikuwa cha mama mkubwa. Kilikuwa sharti lake la kutupokea sisi, na kabichi na njegere zake ndizo zilizokuwa chumvi, sabuni na daftari za shule. Alisikia habari ya kung'olewa kwake kutoka kwa jirani aliyetoka mkutanoni. Hakupiga kelele. Alipika, akatenga, akaenda kulala, na kwa muda mrefu maneno kati yao yalipita kwa watoto: mwambieni baba yenu, mwambieni mama yenu. Iliisha baba mkubwa alipomwandikia, kwa mkono wangu na mbele ya balozi, kipande cha shamba la viazi kilichokuwa cha kwake binafsi. Mama mkubwa aliweka saini kama mpokeaji. Wanaokumbuka siku ile ya mkutano wanasema kijiji kiliokoa chanzo chake kwa sababu mtu mmoja alijitoa. Walijitoa wawili, na mmoja hakuulizwa. Pale palipokuwa na kabichi sasa pana miti mikubwa ya mivengi, maji yanatoka chini yake hata Oktoba.

Serikali ilipounda RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019, kijiji chetu kikaingia kwenye chombo cha watumia maji pamoja na vijiji jirani, akaajiriwa fundi kijana wa kulipwa. Tulidhani mzee ataumia. Alimkabidhi kijana vifaa kwa orodha, akatembea naye mstari wote wa bomba kwa fimbo, akimwonyesha kila mahali linapopita chini ya njia na kila valvu ya hewa ambayo vijana wa ng'ombe hupenda kuivunja wanyweshe. Kaka alipomuuliza kama haoni uchungu kijana kulipwa kwa kazi aliyoifanya yeye bure, alisema ya bure ina mwisho, na mwisho wake ni mimi hapa, magoti yamekwisha. Alifurahi hasa kusikia kijana amekatiwa bima ya afya.

Alifariki msimu wa mvua, barabara ikiwa tope, na watu walikuja kwa miguu kutoka vijiji ambavyo sikujua vina habari zake. Hayo ya mazishi niyapitie haraka. Walikuwa wengi, chakula kilitosha, kwaya iliimba vizuri.

Kabla jeneza halijashushwa msemaji wa ukoo alitangaza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu ajitokeze, au aione familia. Hakujitokeza mtu. Akaendelea, kama wengi wanavyofanya kwa adabu ya msiba, kwamba wale ambao marehemu alikuwa anawadai, familia imesamehe.

Mama mkubwa alisimama. Mjane kusimama wakati ule si kawaida kwetu, na shangazi mmoja alimvuta kanga akae. Hakukaa. Alisema familia haijakaa kikao cha kusamehe. Kulikuwa na daftari la pili, alisema, la mahindi yaliyotoka kwenye kihenge chao miezi ya Februari na Machi watu wanapoishiwa, na mahindi hayo nusu yake alilima yeye kwa jembe lake. Anayedaiwa aje taratibu baada ya arobaini, alete alichonacho, na asiye nacho aje waongee. Kisha akakaa, na ibada ikaendelea.

Kuna waliokwazika. Mzee mmoja wa kanisa alisema waziwazi kwamba mama amemwaibisha marehemu. Mimi nilikuwa natazama safu ya nyuma, waliko majirani wa bondeni, na niliona wanatikisa vichwa kukubali.

Baada ya arobaini nilichukua likizo nikakaa naye barazani na daftari. Walikuja. Mmoja alileta debe mbili za mahindi. Mwingine alileta mwanawe alime nusu ekari. Wapo waliokuja mikono mitupu wakakaa, wakazungumza habari za mzee, wakapangiwa muda, nikaandika. Na alikuja baba mmoja kwa hasira, kofia mkononi, akisema yeye hadaiwi, alishalipa kwa viazi mwaka ule wa ukungu wa viazi, na haiwezekani jina lake lisomwe kijijini. Mama mkubwa akaniambia nitafute. Nilitafuta nyuma, nikapata mwandiko wangu wa kidato cha pili: gunia moja la viazi, limepokelewa, na saini ya mzee iliyopinda. Ila alikopa gunia la mahindi, na viazi mwaka ule vilikuwa na bei mbaya. Wakaanza kukadiria tofauti, yeye akisema sadolini mbili, yale makopo ya rangi ya kupimia, mama mkubwa akisema nne, na kaka, ambaye alikuwa amekuja kuchukua baiskeli yake tu, akavuta kigoda akakaa kuwaamua.